Buluu Kwenye Bwawa la Bibi Kanta

Mimi ndiye mtunza bwawa la kuogelea juu ya ghorofa moja hapa Mchafukoge. Juzi nilisahau kutia klorini, kulipokucha maji yamegeuka kijani. Ningeitia asubuhi ile, maji yasingefaa kuingiwa siku nzima; Bibi Kanta, mwenye nyumba, angekosa kuogelea, na magoti yake yanalitegemea bwawa hilo. Basi, kwa akili zangu hizi, nikakimbilia Kariakoo kununua buluu ya kufulia, nikaikoroga humo. Maji yakapendeza!

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeyasafisha kweli!"

Nikavimba kichwa. Alipotoka majini, mvi zake zote zilikuwa za buluu. Akajitazama kwenye kioo cha mlango, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kalete na mashati meupe ya shule ya wanao," akasema, "tuyasuuze humuhumu."