Ukuta Mmoja na Simu Mbili

Tarehe 14 Machi 2011, katika daftari la kupokea wanafunzi la chuo cha ufundi, fani ya upakaji rangi, jina la mwanamke mmoja liliandikwa mstari wa ishirini na saba. Majina ishirini na sita yaliyo juu yake ni ya wanaume. Daftari hilo bado limo kwenye kabati la ofisi ya mkuu wa chuo, na anayetaka kuhakikisha anaweza kwenda kulifungua.

Mafundi wenzake wanamwita Mikono Mitatu. Hajawahi kukubali kuondoka kwenye ukuta uliopigwa rangi mara moja au mbili tu. Mkono wa kwanza, husema, ni wa ukuta kunywa. Wa pili ni wa fundi kuona makosa yake. Wa tatu ndio wa mwenye nyumba. Wenzake humcheka, lakini wakipata kazi ya nyumba ya mama mkwe, humtafuta yeye.

Sasa ana miaka thelathini na tisa, na bega la kulia lililoanza kugoma. Amepaka shule mbili, zahanati moja na sebule ambazo hawezi kuzihesabu. Katika zote hizo, rangi ilichaguliwa na mtu mwingine. Ikipendeza, sifa zinakwenda kwa aliyechagua. Ikichukiza, fundi ndiye aliyechanganya vibaya. Kwa miaka mingi amekuwa akitaka jambo moja tu: apewe nyumba aipange yeye, rangi, taa, mapazia na mahali pa kochi, kisha ndipo aipake.

Nafasi ilikuja mwaka huu. Mkandarasi mmoja, mzee mfupi anayejenga nyumba kumi na mbili za safu, alikuwa amechoka na wanunuzi wanaoingia sebuleni na kutoka bila kusema kitu. Alimwambia, "Nionyeshe sebule moja uliyoipanga mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Nikiipenda, hizi kumi na mbili upange na upake." Wakakubaliana siku: Jumamosi, saa kumi jioni. Sebule yenyewe ilikuwa ya muuguzi mmoja aliyehamia nyumba yake miezi mitatu iliyopita na bado alikuwa akiishi na kuta za plasta tupu.

Dari na kuta tatu fundi alikuwa ameshazipaka wiki iliyotangulia, na siku ya Jumatatu kila kitu kilikwenda sawa. Fundi alilitoa kochi ukutani na kuliweka kati, likiuelekea mlango wa bustani. Kabati la televisheni, kubwa kama jeneza la mtu mnene, alilisukuma hadi ukuta wa pembeni. Aliondoa balbu nyeupe zilizokuwa zikifanya kila uso uonekane mgonjwa, akaweka za mwanga wa joto. Mapazia mazito yalishushwa, mepesi yakapanda. Muuguzi aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni akacheka peke yake.

"Fundi, hii ni nyumba yangu kweli, au nimekosea mlango?"

"Ni yako, sista. Bado ukuta wa dirishani tu."

Fundi alikuwa amepaka vibao vitatu vya mbao kwa rangi alizozipendekeza, akaviegemeza ukutani ili muuguzi avitazame siku mbili, asubuhi na jioni, kabla ya kuamua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Muuguzi alivitupia jicho, kisha akatoa simu.

"Mimi ninayo tayari. Tazama. Nimeitunza mwaka mzima."

Ilikuwa picha ya sebule ya watu wasiojulikana: kochi la rangi ya majani makavu, kioo cha duara, zulia, na nyuma yake ukuta wa rangi ya mchanga, laini, kama vile jua limeingia ndani na kukataa kutoka. Fundi naye aliipenda. Hapo ndipo alipokosea, na kosa ni lake. Chuoni waliambiwa siku ya kwanza kabisa: usichague rangi kutoka kwenye kitu chochote kinachotoa mwanga chenyewe. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja mbio, na mwenye nyumba alikuwa ameshakata shauri. Fundi akaishika simu ya muuguzi ukutani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akachanganya tone kwa tone hadi ukuta na simu vikafanana.

Jumanne akapiga mikono mitatu. Jumatano asubuhi muuguzi, akiwa ameshavaa sare, alisimama mbele ya ukuta na kikombe chake hadi chai ikapoa.

"Ndiyo hii," alisema mwishowe. "Fundi, ndiyo hii hasa."

Kisha akaupiga picha, akaituma kwenye kundi la familia, akaenda kazini.

Saa nne simu ya fundi ikalia.

"Fundi, samahani, lakini umekosea rangi."

"Nimekosea vipi, sista? Asubuhi si ulisema ndiyo hii?"

"Nilikuwa na usingizi. Shangazi anauliza kwa nini tumepaka rangi ya bendeji iliyotumika. Halafu dada yangu ameweka picha zote mbili pamoja, ile ya mwanzo na ya ukuta. Hazifanani kabisa. Hata mimi hapa nikizitazama kwenye simu yangu, ya ukuta ni ya njano mno."

"Shangazi amewahi kuingia sebuleni?"

"Hajawahi. Ila ana jicho."

Fundi alirudi dukani kununua rangi ya kuchanganyia, akapunguza njano, akaongeza kijivu na tone la buluu. Aliupiga tena mkono wa kwanza mchana huo, wa pili jioni, wa tatu Alhamisi asubuhi. Bega lilikuwa linawaka moto. Aliupiga picha ukuta mwenyewe, akamtumia muuguzi ili baraza la kundi la familia likae. Shangazi akajibu kwa vidole gumba vitano. Dada akasema sasa ndiyo yenyewe, picha mbili ni kama mapacha.

Muuguzi, aliyekuwa zamu tangu Jumatano, alirudi Alhamisi saa kumi na moja jioni, akaweka mkoba chini, akaingia sebuleni. Uso ukamshuka.

"Fundi, sitaki kukuudhi."

"Sema tu."

"Ni baridi. Naona kama niko wodi ya upasuaji. Nikikaa hapa nasubiri mtu aniite jina la mgonjwa."

"Lakini inafanana na picha. Shangazi amepitisha."

"Shangazi hatakaa hapa. Nirudishie joto kidogo. Kidogo tu. Iwe kama picha, lakini isiwe kama hii."

Nyumbani kwa fundi, mumewe, mtengenezaji wa majokofu, alimkuta ameketi kizingitini anasugua mikono kwa mafuta ya taa.

"Leo ukuta ulikuwa na rangi gani?"

"Usinichokoze."

"Nauliza tu, mama, nijue tuombee rangi gani."

"Ombea nisimrushie mtu ndoo."

"Huyo shangazi?"

"Shangazi ni wa kwanza. Wa pili ni mimi mwenyewe."

Ijumaa alikwenda mapema, kabla muuguzi hajatoka. Alitaka kuitazama picha ile kwa utulivu, akaomba atumiwe kwenye simu yake. Ikaingia. Fundi akaifungua na kubaki ameikodolea macho. Kochi lilikuwa kijani kibichi. Zulia lilikuwa jeupe. Ukuta ulikuwa kijivu.

"Sista, umenitumia nyingine."

"Ni hiyo hiyo."

Wakaziweka simu mbili mezani, bega kwa bega. Sebule moja, kioo kile kile, mto wa kochi umekunjamana pale pale, lakini kuta zilikuwa mbili: mmoja wa mchanga, mmoja wa kijivu. Fundi aliomba simu ya muuguzi, akaingia kwenye mipangilio ya skrini, akashuka taratibu. Aliikuta: kinga ya macho, ile inayoitia skrini rangi ya njano ili mwanga usiumize. Ilikuwa imewashwa.

"Hii umeiwasha lini?"

Muuguzi alifikiri. "Nilipokuwa zamu za usiku. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Lakini hiyo ni... miaka minne? Nilishasahau kama ipo."

Fundi akaizima. Mbele ya macho yao sebule ya mwaka mzima ikapoa, kochi likawa kijani kibichi, jua likatoka kwenye ukuta kama limefukuzwa. Muuguzi alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa.

"Kumbe?"

"Kumbe."

"Kwa hiyo wao walikuwa wanaona kijivu muda wote, na mimi naona mchanga. Na wewe Jumanne ulipaka mchanga."

"Nilipaka ulichonionyesha. Na picha ya ukuta, simu yako ikaitia njano mara ya pili."

"Nami nikaupenda. Nikasimama pale nikaupenda, fundi! Halafu nikakwambia uufute." Akauficha uso kwa viganja. "Sasa hata sijui. Labda niliupenda kwa sababu nilijua ni ule wa picha. Ukiniuliza leo, sijui."

Hilo ndilo lililomkata fundi maini. Angeambiwa arudishe mchanga, angeurudisha. Vipimo vyake vilikuwa vimeandikwa kwenye daftari lake la mfukoni. Angeambiwa aache kijivu, angeuacha. Lakini mwenye ukuta alikuwa hajui tena anachokipenda, na mkandarasi alikuwa anakuja kesho.

Jumamosi saa moja asubuhi muuguzi alikuwa zamu. Fundi alikuwa peke yake sebuleni, kochi limefunikwa shuka, ukuta wa kijivu mbele yake. Alichanganya tena rangi ya mchanga na kuimimina kwenye trei. Alijua hesabu ya muda. Mikono mitatu haiwezi kukauka vizuri kabla ya saa kumi. Mkono mmoja unaweza. Mkandarasi hatasogea karibu vya kutosha kuona kijivu kinachungulia chini yake. Muuguzi mwenyewe alipiga simu wakati wa mapumziko.

"Fundi, paka yoyote. Mradi leo uonyeshe kazi yako. Mimi nitaizoea."

"Utaizoea kwa miaka mingapi?"

"Usinifikirie mimi leo. Jifikirie wewe."

Alikata simu, akaichovya rola. Aliinua mkono hadi bega likapiga kelele, akauteremsha. Rola ilikuwa inadondosha rangi kwenye gazeti. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, akiwa na hasira na muuguzi, na shangazi asiyemjua, na kampuni zote zinazotengeneza simu, na mwanafunzi wa mstari wa ishirini na saba aliyeambiwa kitu kimoja siku ya kwanza na akakisahau siku aliyokihitaji.

Kisha akairudisha rola kwenye trei, akachukua tepu. Akagawa katikati ya ukuta miraba mitano, kila mmoja hatua moja kwa upana, na kwa brashi akaipaka: mchanga, mchanga uliopozwa, kijivu chenye joto, na rangi mbili zilizotoka kwenye vibao vyake vya Jumatatu. Akaandika namba chini ya kila mmoja kwa penseli. Akaipa miraba mkono wa kwanza, akangoja, akaipa wa pili. Wa tatu haukuwahi.

Mkandarasi aliingia saa kumi na dakika tano. Alivua kofia, akazunguka. Alilitazama kochi, akatoka hadi mlango wa bustani, akarudi. Alizisifu taa. Akashika pazia kwa vidole viwili akalinusa kama mtu anayenunua samaki. Halafu akageukia dirishani.

"Na hii ramani?"

"Ni chaguo, bosi. Mwenye nyumba ataitazama asubuhi, mchana na jioni, kisha atasema namba."

"Nilikuja kuona sebule iliyokwisha."

"Ningeweza kuimaliza kwa mkono mmoja. Ungeipenda kwa miezi miwili tu, kisha rangi ya chini ingechungulia."

Alimweleza kuhusu simu, kwa kifupi, bila kujitetea. Mkandarasi alicheka hadi akajishika tumbo, kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza, mama. Mimi nina nyumba kumi na mbili. Wanunuzi kumi na wawili, wake, waume, na mashangazi. Kila ukuta ukiuwekea miraba mitano na siku tatu za kutazama, mimi nitakabidhi nikiwa na mkongojo."

"Ukuta ukichaguliwa hivi haurudiwi. Huu nimeupaka mara mbili kwa sababu sikuanza hivi."

"Sibishi. Mkono wako sina shaka nao, nimeona kingo za dari, hakuna mtu anayepaka hivyo hapa. Basi tufanye hivi: upake wewe. Rangi na mpangilio nitachagua mimi."

Fundi alitazama chini, kwenye viatu vyake vilivyojaa madoa.

"Zote kumi na mbili?"

"Zote. Nipe jibu."

"Nitakupa Jumatatu."

Muuguzi aliporudi, gari la mkandarasi lilikuwa limeshaondoka. Hakuvua hata viatu.

"Vipi? Amesemaje?"

"Amependa taa."

"Na ukuta?"

"Ukuta ameuita ramani."

"Fundi! Si nilikwambia upake yoyote?"

"Yeye angekaa dakika ishirini akaondoka. Wewe ungebaki nayo."

Muuguzi aliisogelea miraba, akarudi nyuma, akaenda kusimama mlangoni. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwa pembeni.

"Namba mbili," alisema. Kisha, "Au nne. Mbili na nne. Niwatumie nyumbani wanisaidie?"

"Sista, ukimtumia shangazi picha ya ukuta huu, mimi sirudi."

"Haya, haya, situmi." Aliigeuza simu kifudifudi mezani. "Nipe mpaka Jumatatu."

Fundi aliziosha brashi kwenye bomba la nje, akaziviringisha kwenye gazeti, akafunga ndoo. Jumatatu saa tatu asubuhi atampigia mkandarasi na kumwambia atafute mpakaji mwingine. Saa nne atakuwa sebuleni kwa muuguzi, kusubiri namba.