Mazabodi Iliyotoka Sengerema

Sipendi kabisa mtu anayeniambia, "Hiyo ya zamani, tupa." Mashine yangu ya kudarizi hapa Mkolani inaongozwa na kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini, na kompyuta mpya hazina hata tundu la kuchomeka waya wake. Nitupe nile nini?

Kompyuta hiyo ilizima wiki ya Misa ya kwanza ya kijana wa jirani aliyepewa upadri. Kasula yake, vazi la padri la kusomea Misa, ilikuwa mezani, msalaba umefika nusu. Mama yake, mjane aliyemsomesha kwa kuuza dagaa, alikuwa anapita kila asubuhi kuigusa tu, halafu anaenda zake sokoni. Nilimwahidi itakuwa tayari.

Nikamwita shemeji, mume wa dada yangu, avuke ziwa kutoka Sengerema. Ana kibanda cha kuchapa barua kule, na kwenye kompyuta mikono yake, jamani, Mungu alimpendelea. Akafungua, akanusa, akanionyesha vikopo vidogo vilivyovimba juu ya mazabodi, kile kibao kikubwa kinachobeba kila kitu.

"Imekufa, shemeji. Inatakiwa nyingine."

"Si mjini zimejaa?"

"Zimejaa, ila hizi za ofisini kila kampuni ilizitengeneza kwa umbo lake, mpaka plagi ya umeme. Ya kampuni nyingine haiingii."

"Wewe fundi au mganga? Masharti yote hayo!"

"Mganga angekuwa ameshadai kuku."

Tulizunguka mjini mchana kutwa. Kila duka wanatikisa kichwa. Akaniaga, akavuka kurudi kwake.

Ijumaa akatokea na kivuko cha Kamanga, mazabodi ndani ya begi. "Nimeipata," basi. Nikampokea na maneno yangu: amechelewa, anataka kuniua kwa presha. Akacheka, akashika bisibisi. Alivyofanya kazi ile! Alipuliza vumbi, akakaza skrubu taratibu, akarudisha waya mmoja mmoja bila kulazimisha hata mmoja, kama anavisha mtoto mchanga. Akabonyeza. Feni ikazunguka, michoro yangu yote ikatokea. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Jumapili padri mpya akainua mikono, na dhahabu ya uzi ikaonekana mpaka viti vya nyuma. Mama yake alilia wazi wazi. Nami nililia, sikuona aibu.

Wiki iliyofuata nikavuka na samaki wawili wakubwa, sato, kwenda kumshukuru. Nikamkuta kibandani anamwandikia mteja barua kwa kalamu. Kando yake kuna kompyuta yake, aina ile ile ya kwangu, kasha liko wazi, ndani patupu, nyaya zinaning'inia.

"Shemeji! Mbona hukuniambia?"

Hakuinua macho kwenye karatasi.

"Ningekuambia, ungekubali niifunge kwako?"