Bomba la Jikoni Al Wukair

Namwonea wivu ajuza mmoja wa Kirumania kwa sababu zamani polisi wa nchi yake walimsoma neno kwa neno. Mimi nimeandika riwaya moja nzima na nusu ya pili, na hapa Doha nilikuwa na msomaji mmoja tu. Huyo mmoja naye akahamia kwa ajuza huyo.

Msomaji wangu ni rafiki yangu, muuguzi kutoka Kisumu. Kila Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakutana mtaa wa Al Thumama, tunanunua karak, chai ya maziwa na iliki, dirishani pa kibanda na kukaa ukingoni mwa barabara, kabla jua halijawa kali. Mimi ninasoma kwenye simu, yeye anasikiliza amefumba macho. Sentensi ikimgusa, anafumbua jicho moja.

"Hapo rudia," anasema.

Kwa lile jicho moja niliandika wiki nzima baada ya zamu za mapokezi hotelini.

Kisha akapata kazi ya kumhudumia mama mzee Al Wukair, nyumbani kwa mwanawe mhandisi, akawa analala hukohuko. Ijumaa zikaanza kuruka. Na akija, anakuja na habari za Bibi, ndivyo alivyomwita yule mzee.

"Vitabu vyake serikali ya wakomunisti ilivipiga marufuku. Kila mwaka alibeba taipureta yake hadi polisi, wachukue sampuli ya herufi. Karatasi ya kuwapinga ikiokotwa mahali, wajue imetoka mashine gani." Akanywa chai. "Wewe dada, nani ashawahi kutaka sampuli ya simu yako?"

Nikacheka. Chai yangu ilikuwa imepoa na bado ilinichoma.

Nilimwomba anipeleke. Nilisema nataka kujifunza. Nilichotaka ni kuona ana nini.

Bibi alikuwa mdogo wa umbo, amevaa sweta la kijani kwa ajili ya kiyoyozi. Alituketisha jikoni, akampa kila mmoja kijiko cha jamu ya waridi kwenye kisahani na glasi ya maji baridi, ndivyo wanavyomkaribisha mgeni kwao. Alizungumza Kiingereza cha polepole. Rafiki yangu alikuwa amenionya tangu mlangoni: nyumba yao ya zamani ilitegwa vinasa sauti, kwa hiyo neno zito likitaka kusemwa, walifungua bomba kwanza ili maji yalifunike.

"Hadi leo mkono wake huenda wenyewe, hata hajui," alininong'oneza. " Mwanawe analalamika, maji yenyewe huku ni ya bahari, yanatolewa chumvi kwa gharama."

Siku ile bomba lilifunguka alipomtaja mumewe aliyeitwa kuhojiwa akarudi bila sauti. Lilifunguka aliposimulia jinsi marafiki zake walivyohifadhi riwaya yake vichwani, kila mtu na sura zake, na jinsi alivyovuka mpaka na sanduku moja huku askari akipapasa bitana ya koti lake. Yote hayo niliyavumilia. Halafu rafiki yangu, ambaye hajawahi kuandika hata shairi, akaeleza jinsi mama yake alivyomsindikiza stendi ya basi akashindwa kumpungia kwa sababu mikono yake ilikuwa imembeba mtoto ambaye rafiki yangu alikuwa anamwacha. Bibi akanyoosha mkono, na maji yakamwagika kwenye sinki.

Zamu yangu ikafika. Nilisoma kwa Kiingereza sura niliyoipenda kuliko zote, yenye mwezi juu ya mchanga na upepo unaoimba. Bibi aliniangalia kwa heshima, mikono yake yote miwili mezani.

"Maneno mazuri sana, binti."

Bomba halikutoa hata tone.

"Bibi amekupenda," rafiki yangu aliniandikia nikiwa kwenye basi.

"Bomba halijanipenda."

"Aki wewe. Unataka bomba kama watu wanavyotaka tuzo."

Ndivyo ilivyokuwa. Nikarudi na sura nyingine, safari hii nikiwa nimetia rais, gereza na risasi. Bibi aliniuliza kama gereza hilo nimewahi kuliona hata kwa nje. Nikasema hapana. Akaniongezea jamu. Rafiki yangu alikuwa amekaa karibu yake, anamfunga kifungo cha mkono wa sweta, na wala hakufumba macho niliposoma.

Nilirudi nyumbani nikaacha kutafuta madikteta. Nikaandika kilichokuwa kinanila: mwanamke ameketi ukingoni mwa barabara na vikombe viwili vya karak, kimoja kinapoa, naye anamchukia mtu asiyemkosea kitu, kwa sababu mtu huyo ndiye anayesikilizwa sasa.

Nilipoisoma pale jikoni sikuinua uso. Sijamaliza ukurasa, nikasikia maji. Furaha ilinipanda kifuani nikasoma kwa haraka, maji yakizidi kuvuma. Nilipomaliza, Bibi alikuwa bado ameshika bomba. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama rafiki yangu, aliyekuwa anamenya viazi kando ya sinki.

"Sijasikia kitu," rafiki yangu akasema. "Maji yote yamenijaa masikioni."

Bibi akafunga bomba, akachukua fimbo yake.

"Msomee tena," akaniambia, akaenda sebuleni.

Nikafungua mdomo, nikaona siwezi. Mwezi na mchanga nilivisoma mchana kweupe bila aibu, lakini vikombe viwili vilinishinda. Nikaenda kwenye sinki nikafungua maji kidogo. Rafiki yangu akanitazama, akaweka kisu chini, akavuta kiti mpaka sikio lake likakaribia mdomo wangu. Akafumba macho.

Nilikuwa nimefika kwenye kikombe kinachopoa, jicho moja likafumbuka.

"Hapo rudia."

Kabla sijarudia, Bibi akaita kutoka sebuleni, anataka shali. Rafiki yangu akanyanyuka mara moja, kama anavyomnyanyukia siku zote.

Niliyaacha maji yatiririke, ajue sijamaliza.