Korosho ya Nyati

Juma lililopita nilikuwa Mahurunga, kwenye ofisi ya kijiji, nikisubiri lori la kunirudisha Mtwara mjini. Nikakuta wanapiga kura ya nyati. Kibali kimetoka cha kuwinda mnyama mmoja, na kila kaya ina haki naye. Kikapuni kuna korosho mbichi, na moja tu iliyochomwa. Atakayeitoa hiyo, nyati ni wake, amchague mwenye bunduki wa kumpigia. Kila mkono hufungwa kanga kwanza, maana iliyochomwa hujulikana kwa kupapasa.

Bwana shamba wa pale, bunduki begani, akauficha mkono nyuma. "Hata mimi nifungwe?"

"Ndugu, nawe una vidole," akajibu mshika kikapu.

Akafungwa. Akatoa mbichi.

Iliyochomwa ilimwangukia mama mmoja mjane. Bwana shamba akamsogelea. "Mama, nikupigie mimi."

Mama akaigeuzageuza ile korosho. "Zamani walikuja makundi mpaka kwenye mihogo yangu. Mwaka huu nimeona nyayo za jike mmoja, na za ndama nyuma yake."

"Kama humtaki, basi nipe mimi."

Mama akaokota jiwe, akaipasua korosho, akaitafuna taratibu, sote tukimtazama.

"Nyati wangu nimeshamla," akasema.

Mshika kikapu akakifunika kikapu chake. Nilipanda lori kifua mbele, kana kwamba niliyeitoa ni mimi. Mjini kwetu hata sukari hugawiwa kwa kujuana. Tuwaombe watu wa Mahurunga watuazime kikapu, na yule mama aje nacho.