Sekunde Tisini za Kulisubiri Jina la Wakesho

Jamani, leo nimeishinda kompyuta!

Mwalimu Mkabili ameshuka asubuhi kutoka Wundanyi hadi kwenye duka langu la intaneti hapa Voi. Binti yake, Wakesho, amepata chuo ng'ambo, na kesho ubalozini wanataka karatasi yenye jina lake kutoka kwenye tovuti ya chuo.

Shida ni kwamba majina ya waliochaguliwa yanapita kwenye skrini moja moja, halafu yanapotea.

Nikaiagiza programu ya kunasa skrini ipige picha yenyewe, ukurasa ukifunguka tu. Ikatoka nyeupe pe! Laini zetu za simu mnazijua. Ukurasa hufika kwanza, majina baadaye sana.

"Umeharibu?" Mwalimu akauliza, mkoba kifuani.

"Hapana Mwalimu, nimeharakisha."

Nikafungua tena, macho kwenye saa. Jina lilipita baada ya dakika moja na nusu hivi. Basi nikaiambia programu isubiri sekunde themanini, kisha ipige picha mfululizo.

Picha ya saba: WAKESHO, jina zima! Nikaichapisha kwenye karatasi.

Mwalimu alipiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja mbio.

Kisha akaniambia, "Toa nyingine, ya nyanya yake kule Chawia. Hajui kusoma, lakini hii ataibandika ukutani."

Nipongezeni basi!