Salvatory na Programu ya Wataalamu

Salvatory anachora nyumba ambazo hazijengwi. Miaka yote hii hapa Bariadi ndiyo kazi yake. Picha zake kali, sikatai: vioo, taa, nyasi utafikiri zimenyolewa saluni. Ila hakuna fundi aliyewahi kuchimba hata msingi kwa picha ya Salvatory, na hilo linamuuma, hata akijifanya hajali.

Kwenye duka la kuprinti anapochorea, meza ya pili ni ya Joyness. Yeye anatumia programu nyepesi, unavuta ukuta kwa mausi, unanyanyuka. Nyumba zake kama maboksi ya viatu. Salvatory akipita nyuma yake lazima atupe dongo.

"Dada, hiyo ya chekechea. Wataalamu hawaigusi."

"Wataalamu wana wateja," Joyness anamjibu, hata kugeuka hageuki.

Basi akaja mzee Mayunga wa Nkoma. Pamba imemtoa, anataka nyumba kubwa kwenye kaya yake. Akawaambia wachore wote wawili, atakayempendeza ndiye atasimamia mpaka bati lipande. Salvatory akapagawa. Safari hii nyumba yake itasimama! Kompyuta ikaunguruma kama mashine ya kusaga, na sisi wengine wa dukani akatukataza hata kuchaji simu, eti picha inaiva, tutampunguzia umeme.

Mzee aliporudi akakaa mbele ya picha ya Salvatory. Minazi. Gari jekundu. Mzungu anakimbia na kaptula. Bwawa limekaa mlangoni kabisa.

"Ng'wanawane," mzee akamwita mwanangu kwa Kisukuma, "lambo unaliweka mlangoni? Ng'ombe wakija kunywa si watanikanyagia sebule?"

"Hilo la kuogelea, baba."

"Aogelee nani?"

"Wewe."

Mzee akamtazama kama anatazama ndama mwenye vichwa viwili.

"Na zizi liko wapi?"

Zizi halikuwepo. Programu yote ile ya wataalamu imejaa makochi ya kila aina, ng'ombe hana.

"Liweke hapa. Nikikaa barazani nataka niwaone wakiingia."

"Inabidi picha iive upya, baba. Labda kesho."

Joyness akavuta mausi, akachora duara mbele ya boksi lake.

"Hapa, baba?"

"Hapo upepo utaniletea harufu. Sogeza."

Akasogeza.

"Lango lielekee kwangu."

Akageuza. Ng'ombe akawawekea vijiboksi vya kahawia, vibaya mno. Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Mayu, mama yangu, kazi chukua wewe." Akaelekeza kidole kwa Salvatory. "Na hiyo ya mzungu niprintieni, kubwa. Wakwe zangu waione."

Nyumba ya Joyness sasa hivi imefika kwenye lenta. Ya Salvatory imebandikwa ukutani kwenye nyumba ya zamani, ile mzee atakayoibomoa akihama. Na jamaa anatembea mjini kifua mbele. Ukimuuliza, anakwambia mzee Mayunga ni mteja wake.