Jirani alivyodai maboga yangu kwa sababu baba yao alitoka kwake

Wakuu, amani kwenu. Humu ndani sidhani kama kuna anayenizidi umri, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea zote kwa mkupuo.

Haya ni ya kweli. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Ni Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa mke mpya katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kabongo kunikagua, na mume wangu alishamwandikia kwamba mimi ni mlimaji hodari.

Nilipanda maboga nyuma ya nyumba. Yakatoa maua tele. Mengine yalikuwa na kiboga kidogo chini yake, mengine yamesimama juu ya kijiti kitupu.

Hayo ya kijiti nikayaona mavivu. Kila asubuhi nikayachuma yote, nikayapika na karanga. Matamu, wakuu!

Nyuki waliojenga mzinga kwenye ukuta wa nyumba nao walinichoma, nikawafukuza kwa moshi wa pilipili.

Baada ya wiki mbili, viboga vyote vikawa vya njano na kuanguka.

Nikamuuliza mtawa wa Kizungu aliyetufundisha kushona. Akawa mwekundu hadi shingoni, akaeleza huku akiitazama sindano yake: ua la kijiti ni dume, lina unga wa njano. Nyuki huubeba hadi kwenye ua jike, ndipo boga linashika.

Msione haya kama hamkujua. Mimi nilikuwa nimekula waume wote, kisha nikamfukuza mshenga.

Madume yalibaki kwa jirani yangu, Mama Ngoie. Asubuhi tatu nikajipenyeza kwake, nikachuma machache, nikaupaka unga wake ndani ya maua jike yangu.

Aliniona. Akaendelea kufagia uwanja wake.

Mama mkwe alipofika, maboga sita yalikuwa yamenona. Hajakaa vizuri, Mama Ngoie akaingia na kapu tupu.

“Mama, utuamue. Huyu bibi ya mutoto yako alikuyaka kwangu kuiba maua yangu. Baba ya haya maboga iko kwangu. Kwetu mutoto ni wa nani?”

“Wa baba,” mama mkwe akajibu papo hapo. Wote wawili ni Waluba.

Mimi ni Mbemba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na jibu lilikuwa ulimini. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nikilisema ili kuokoa maboga, mjukuu wake nitakuwa nimemweka kwa nani?

Mama Ngoie akachuma la kwanza. Akachuma la pili.

Nikapiga goti. “Mama, ni kweli, mutoto ni wa baba. Lakini huyu baba, mahari alileta?”

Mama mkwe akamgeukia jirani. “Ulileta?”

“Mahari ya boga?”

“Bila mahari, batoto banabaki kwa mama yabo. Rudisha.”

Mama Ngoie alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kwake, akarudi na kuku. “Haya, mahari hii. Munipe batoto bangu.”

Mama mkwe akampima kuku mkononi.

“Huyu ni wa maboga mawili tu.”

Kwa hiyo wakuu, maua yasiyozaa msiyamalize. Kuleni machache, mengine yaacheni yafanye kazi yake. Na nyuki, mkiweza, muacheni apite.

Nani mwingine humu amewahi kula waume wa maboga yake? Semeni tu, nitacheka kidogo.